Kikapu Kinaenda na Mboga, Ndoo Inarudi na Maganda: Kulima Robo Eka Njoro kwa Bayodinamiki na Kuuzia Majirani

Mwaka wangu wa kwanza hapa Njoro, kaunti ya Nakuru, nilipanda kabichi 600 kwa siku moja, na zote zikafunga vichwa kwa wiki moja. Dalali akaja na pikapu, akataka kunipa shilingi 5 kwa kichwa, nikakataa. Wiki mbili baadaye mvua ilikuwa imezipasua nyingi, nikawa nawakatia ng'ombe wa jirani. Shamba lenyewe halikuwa na kasoro, ila nilikuwa nimepanda kabla ya kujua nani atakula. Tangu hapo nimelima kwa kufuata mambo mawili, samadi na watu wanaoishi karibu nami, na mwongozo huu unaeleza jinsi hayo mawili yanavyoungana.

Bayodinamiki ni tawi la kilimo-hai, yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani. Lilitokana na mihadhara minane aliyotoa Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, mwezi Juni 1924 huko Koberwitz, mahali ambapo leo ni Poland. Wakulima ndio waliomwomba azungumze, kwani waliona udongo wao ukichoka na mbegu zikidhoofika. Aliwaambia shamba ni kiumbe kizima. Ng'ombe, majani, udongo, wadudu na anayelima ni viungo vya mwili mmoja, na mwili huo ujilishe wenyewe kadiri inavyowezekana. Mimi nimeongeza kiungo kimoja, jiko la mteja.

Hatua ya 1: Tafuta nyumba 12 kabla ya kushika jembe

Chukua daftari, upite nyumba zilizo umbali wa kutembea kwa miguu au safari moja fupi ya boda boda. Usiulize, "Mtanunua mboga zangu?" Kila mtu atakubali kwa adabu tu. Uliza wiki iliyopita walipika mboga gani, walinunua wapi, walitumia pesa ngapi. Majibu hayo ndiyo mpango wako wa kupanda.

Shosho mmoja alinijibu hivi: "Mwanangu, managu nanunua kila Jumatano, lakini siku hizi sijui yamemwagiliwa maji gani." Nikamwambia, "Shosho, njoo Jumamosi uone tangi langu." Alikuja, akafunua kifuniko, akachungulia ndani, akaondoka na mafungu mawili. Mpaka leo ni mteja wangu. Watu wa mjini wana wasiwasi wa kweli kuhusu maji ya mitaro na dawa za kunyunyizia. Shamba ambalo mteja anaweza kuingia na kutazama linaondoa wasiwasi huo kuliko maneno yoyote.

Sasa piga hesabu. Nyumba 12, kila moja mafungu mawili ya managu (mnavu) kwa wiki, ni mafungu 24. Kwangu tuta moja la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 hutoa mafungu kama 8 kwa wiki likiwa katika nguvu zake. Basi nahitaji matuta matatu ya managu yanayochumwa, na jingine linalokuja nyuma. Fanya hivyo kwa sukuma wiki, saga (mgagani), terere (mchicha), dania na vitunguu vya majani. Ukimaliza utaona robo eka inatosha na kubaki, na kwamba kabichi 600 hazina kwao.

Hatua ya 2: Pata samadi, hata kama huna ng'ombe

Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Haiwezi kulisha ng'ombe wa maziwa, kwa maana ng'ombe mmoja wa kufungiwa anataka kati ya nusu eka na eka nzima ya nyasi za nepia. Wanaotaka shamba lao lijitosheleze kwa kila kitu hukwama hapa. Mimi sikununua ng'ombe. Nilienda kwa jirani mwenye ng'ombe watatu, tukapatana: mimi nampa mabua ya mahindi, nepia ya kwenye mpaka wangu na mabaki ya mboga, yeye ananipa wilbaro nne za samadi kila wiki. Hakuna pesa inayobadilisha mikono. Kwa hesabu ya bayodinamiki, mashamba yetu mawili ni mwili mmoja.

Mwombe jirani jambo moja zaidi, atandike mabua au nyasi kavu chini ya ng'ombe. Nitrojeni nyingi imo kwenye mkojo, na sakafu tupu huuacha utiririke hadi mtaroni. Matandiko yaliyolowa mkojo ni mali kuliko mavi makavu yaliyokaa juani. Ukiyaleta nyumbani yafunike. Jua huyakausha na mvua huosha uzuri wake wote.

Samadi mbichi ya kuku usiimwage moja kwa moja kwenye miche. Niliwahi kufanya hivyo na tuta zima la sukuma likaungua kingo za majani kwa siku nne. Ipitishe kwanza kwenye mboji.

Hatua ya 3: Panga mboji

Hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi. Yaliyobaki yote, pamoja na pembe nitakazozieleza hapo chini, hayatasaidia kitu kama huna mboji nzuri.

Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji. Chimba kidogo tu, kina cha sentimita 30, upana wa mita 1.5, urefu wowote unaoweza kuujaza. Chini kabisa weka mabua mazito na vijiti ili hewa ipite. Juu yake nyasi au majani makavu, unene wa kiganja kilichonyooshwa. Kisha majani mabichi: magugu yasiyo na mbegu, alizeti pori, thabai (yale majani yanayowasha). Kisha samadi, unene wa vidole vitatu. Nyunyiza udongo wa juu kidogo na konzi ya majivu, umwagie maji, halafu uanze tena na makavu. Endelea hivyo hadi lundo lifike kifuani. Funga kwa udongo na nyasi au majani ya ndizi.

Tafuta fito iliyochongwa ncha, yenye urefu wa kufika katikati ya lundo, uichomeke kwa mshazari na kuiacha humo. Hiyo ndiyo itakayokueleza yanayoendelea ndani. Siku ya tatu au ya nne ichomoe, uishike sehemu iliyokuwa ndani. Ikiwa ya moto hadi unataka kuiachilia, na ina unyevu kama mkono uliotoka kufua, mambo ni sawa. Ikiwa na ukungu mweupe na imekauka, ongeza maji. Ikiwa baridi na imelowa na inanuka kama kinamasi, hewa haipiti, fungua lundo uchanganye na makavu. Kila asubuhi kwa wiki mbili mimi huichomoa kabla ya chai, na sijachoka kuona mvuke ukitoka kwenye kijiti.

Geuza baada ya wiki tatu, kisha wiki tatu nyingine. Kisumu na Busia mboji huiva kwa miezi miwili au mitatu. Hapa Njoro, karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, baridi huichelewesha, nami huhesabu minne. Iliyoiva ni nyeusi, haina joto, inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Weka karai mbili hadi tatu kwa kila mita ya tuta.

Walio Kakamega, Vihiga, Siaya na Kisumu wana bahati ambayo wengi wao huipita kila siku barabarani, alizeti pori, ile yenye maua ya manjano inayoota kwenye nyua. Majani yake yana nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi, na huoza upesi. Yakate, uyachanganye na udongo wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Na kama una kipande cha mahindi kilichovamiwa na kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, panda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari na nepia kuzunguka shamba, mfumo uliotokana na utafiti wa icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, kituoni Mbita. Desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua na kuidhoofisha kayongo, na ng'ombe huila vilevile.

Hatua ya 4: Matuta na mboga zenyewe

Udongo wa Njoro ni wa majivu ya volkano, mweusi na mwepesi. Unalimika kwa raha lakini upepo wa Januari huubeba kama unga. Usiuache uchi hata siku moja. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari, na panda nepia na miti michache upande unaotoka upepo.

Anza na mboga za kienyeji, zinapenda samadi na zina soko la uhakika. Managu oteza kitaluni, hamisha yakiwa na majani matano au sita, kata ncha yakifika sentimita 15 ili yatoe matawi, kisha uchume kila wiki. Saga hupandwa moja kwa moja tutani na huanza kuvunwa wiki ya tano hivi. Iking'ang'ania kutoa maua, yakate mapema, la sivyo majani yanaisha. Terere huwa tayari haraka kuliko zote. Mrenda ni mboga ya joto. Kisumu hufurika, hapa kwetu hudumaa, na nimeacha kulazimisha. Sukuma wiki ndiyo inayoshika kikapu wiki ambazo nyingine zimekataa.

Panda kidogo kila wiki mbili badala ya mara moja kwa msimu. Fuata zamu: tuta lililokuwa na managu lipate kunde au maharagwe, kisha karoti au vitunguu, kisha urudi kwenye majani.

Maji ya mvua: milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 400 kwa jioni moja. Nunua gata kabla hujafikiria pampu.

Kuhusu mwezi na nyota, wakulima wa bayodinamiki hutumia kalenda inayogawa siku za kupanda mizizi, majani, maua na matunda, na inayojulikana zaidi ni ile iliyoanzishwa na Maria Thun wa Ujerumani. Mimi huitumia kupanga kazi za wiki, na inanisaidia kutoahirisha. Lakini mvua ikija siku ambayo kalenda inasema pumzika, mimi napanda.

Hatua ya 5: Pembe

Wengi wanaposikia bayodinamiki hukumbuka pembe, na baadhi huhofu kuwa ni uchawi. Nieleze tunachofanya, uamue mwenyewe.

Unajaza pembe ya ng'ombe jike kwa mavi mabichi ya ng'ombe anayekamuliwa, unaizika miezi sita, unaifukua, na kile kilichomo unakikoroga majini na kunyunyiza udongoni. Kinaitwa namba 500.

Kupata pembe si rahisi, kwa kuwa ng'ombe wengi wa gredi huku wamekatwa pembe wangali ndama. Nilienda kichinjioni ambako huletwa ng'ombe wa kienyeji, nikamwambia mzee wa pale, "Mzee, nataka pembe za jike aliyezaa." Akaokota moja, akanipitishia kidole kwenye shina lake. "Hizi pete unaziona? Kila pete ni ndama." Ya dume ni nene, nyoofu na haina pete. Loweka pembe hadi kiini cha ndani kilegee na kutoka. Harufu yake ni kali, kwa hiyo fanya mbali na nyumba.

Shimo liwe na kina cha nusu mita, mbali na mizizi ya miti na mahali maji yanapopita. Laza pembe, mdomo ukielekea chini kidogo ili maji yasijae ndani. Vitabu vya Ulaya vinasema zika Septemba ufukue Aprili, maana ndiyo baridi yao. Njoro iko kusini kidogo tu ya ikweta, na miezi yetu ya baridi ni Juni hadi Agosti, kwa hiyo mimi huzika mwisho wa Aprili na kufukua Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Juu ya shimo weka mawe au matawi ya miiba. Pembe zangu za kwanza mbwa walizifukua usiku uleule.

Ukifukua na kukuta bado ni kijani na inanuka mavi, rudisha. Ikiwa tayari, unaigonga pembe kwenye kiganja na kinatoka kipande cheusi, laini kama mfinyanzi, kisicho na harufu mbaya hata kidogo. Mara ya kwanza nilikinusa nikamwita mke wangu naye anuse.

Kwa hekta moja hutumika gramu 100 hivi katika lita 30 hadi 40 za maji. Robo eka ni kama sehemu ya kumi ya hekta, basi gramu 10 katika lita 4. Tumia maji ya mvua yaliyopata joto juani. Koroga saa nzima: zungusha upande mmoja hadi kizingia, lile shimo la maji yanayozunguka, kifike chini ya ndoo, kisha geuza ghafla upande wa pili, maji yapigane, kizingia kijengeke upya. Nyunyiza jioni hiyohiyo kwa matone makubwa, ukitumia ufagio wa majani.

Je, inafanya kazi? Kuhusu mboji na samadi, ushahidi ni imara. Kuhusu pembe peke yake, watafiti hawajakubaliana. Uswisi kuna jaribio linaloendelea tangu 1978 likilinganisha bayodinamiki, kilimo-hai na kilimo cha kemikali kwenye shamba moja. Baada ya miaka 21, sehemu zisizo za kemikali zilikuwa na uhai mwingi zaidi udongoni, na mavuno yake yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 20. Nakueleza hilo la mavuno ili upange bei yako ukijua. Mimi naendelea na pembe kwa sababu saa ile ya kukoroga ndiyo saa pekee ya mwezi ninayosimama nikilitazama shamba bila kulifanyia kitu, na kila mara nimeona jambo nililokuwa nimelipita.

Ziko dawa nyingine za mboji, namba 502 hadi 507, zinazotengenezwa kwa mimea kama kamomili na thabai. Nyingi ni ngumu kupata kwetu. Anza bila hizo.

Wadudu

Udongo ukiwa mzuri kazi hii hupungua. Vidukari kwenye sukuma, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Viwavi wanaokata miche usiku, weka pete ya majivu kuzunguka kila mche. Ukishindwa kabisa, Nakuru ni nchi ya pareto: loweka maua makavu yaliyosagwa, chuja, nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamelala. Jua huimaliza nguvu yake upesi.

Hatua ya 6: Kuvuna na kupeleka

Siku ya kupeleka iwe ileile kila wiki. Yangu ni Jumamosi. Navuna kuanzia saa kumi na moja alfajiri kwa tochi, umande ukiwa bado kwenye majani, nafunga kwa nyuzi za mgomba, naweka kwenye kreti na kufunika kwa gunia lililoloweshwa. Managu yakipigwa na jua la saa nne yamekwisha, hata ukiyatia maji hayarudi. Mara moja boda boda ilichelewa nikafika nyumba sita na majani yaliyolala. Sikudai pesa siku hiyo.

Kikapu changu ni shilingi 300, mboga za aina nne au tano, nachagua mimi kulingana na kilichoiva. Wateja hulipa mwanzo wa mwezi kwa Pochi la Biashara ya M-Pesa. Nyumba 12 kwa wiki nne ni shilingi 14,400, na pesa hizo ninazo kabla sijavuna, kwa hiyo mbegu na gata sikukopa. Asiyeweza kulipa mwezi mzima analipa kila wiki, simkatai.

Kinachozidi nampelekea mama wa kibanda pale stejini kwa bei ya jumla. Usishindane naye. Anajua wateja ambao huwezi kuwafikia, na siku mvua ya mawe ikikupiga ndiye utakayenunua kwake ili vikapu vijae, ukiwaambia wateja wazi kwamba fungu hili si lako. Aliye Kisumu ana Kibuye siku ya Jumapili, aliye Nakuru mjini ana Top Market, lakini nenda huko na ziada tu.

Jihadhari na taasisi. Shule moja ilichukua mboga zangu muhula mzima kwa mkopo na kunilipa muhula uliofuata. Mfuko mdogo hauwezi kungoja hivyo. Weka kikomo cha wiki mbili, na ukiandike.

Kuhusu jina, usibandike nembo ya Demeter, ile ya kimataifa ya bayodinamiki, bila cheti, kwa kuwa ni alama iliyosajiliwa. Ukitaka nembo ambayo Mkenya anaijua, tafuta Kilimohai, nembo ya kilimo-hai ya Afrika Mashariki. Wakulima wadogo wanaweza kuipata kwa kujiunga kikundi, mkakaguana mashamba ninyi wenyewe kwa utaratibu unaosimamiwa na KOAN, mtandao wa kilimo-hai wa Kenya. Kabla ya hapo, sema ulichofanya: mboji, samadi ya jirani, maji ya mvua, hakuna dawa ya dukani.

Hatua ya 7: Ndoo

Kila nyumba niliipa ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko. Maganda ya mboga, ndizi na matunda, maganda ya mayai na majani ya chai yaliyotumika yanaingia humo. Nyama, mafuta na chakula kilichopikwa haviingii, vinaita panya na mbwa. Maganda ya viazi nayazika katikati ya lundo penye joto kali, kwa sababu yanaweza kubeba ugonjwa wa mnyauko.

Mwanzoni nilipata nyuzi za plastiki, vifuniko vya chupa, hata kijiko. Sikukemea mtu. Nilimrudishia mama mwenyewe kijiko chake kimeoshwa, juu ya mboga, na tangu siku hiyo ndoo yake huja safi. Watoto wa nyumba mbili sasa ndio wanaonisubiri getini na ndoo, na mmoja huuliza kila Jumamosi kama maganda yake ya wiki iliyopita yameshakuwa udongo. Namwambia bado, aje achomoe fito aone.

Ukifika nyumbani mwaga ndoo zote siku hiyohiyo, funika kwa samadi na nyasi kavu, suuza, uzianike juani zikitazama chini. Jumamosi ijayo zinapanda boda boda pamoja na vikapu.